Mkulima wa Kale na Mtani Wake

Nchi ninayotaka kuwasimulia haipo, kwa hiyo msihangaike kuitafuta. Jina lake linajadiliwa na kamati, na kamati imekwenda ng'ambo kujifunza namna nchi zinavyopewa majina. Mpaka itakaporudi, sisi raia tunaiita "hapa", na hakuna aliyepotea kwa sababu hiyo. Waliopotea walipotea kwa sababu nyingine.

Hapa tunatawaliwa vizuri. Nalisema mapema ili kila mtu ajue nimesimama wapi. Na katika mema mengi tuliyofanyiwa mwaka jana, kubwa kuliko yote lilikuwa Alasiri Huru. Waraka ulitoka juu ukasema kwamba Serikali imegundua watumishi wake wamechoka, na kwa huruma yake imewapa kila Jumatano, saa nane hadi saa kumi, muda wa kuwa huru. Katika saa hizo mbili mtumishi atafanya lolote alitakalo. Aya ya pili ilifafanua kwamba alitakalo ni kuzuru Makumbusho ya Historia ya Wilaya. Aya ya tatu ilitaja adhabu ya asiyetaka.

Mimi ni karani wa hali ya hewa, jina langu Nasoro Likwata. Kazi yangu ni kupanda kilimani kila asubuhi, kutazama kile kifaa chenye vikombe vinavyozungushwa na upepo, na kuandika kasi yake daftarini. Kifaa changu kiliingia kutu miaka saba iliyopita, na tangu hapo hakizunguki hata ukikipuliza kwa mdomo. Hata hivyo, mimi ndiye niliyeuandika ule upepo mkubwa wa miaka sita iliyopita, uliochukua watu arobaini na mmoja mbele ya kiwanda cha pamba.

Siku ile wakulima walikuwa wamekaa barabarani, wakiomba mizani ya kiwanda ikaguliwe. Jua lilikuwa kali, na nguo zilizoanikwa kwenye kamba hazikutikisika. Adhuhuri askari wawili waliniletea barua ofisini, na ndani yake kasi ya upepo ilikuwa imekwisha kupimwa. Mimi niliombwa mwandiko tu. Nina mwandiko mzuri. Wapo wanaosema upepo huo ulifika kwa malori matatu. Nimewasikia, lakini daftari langu halina safu ya malori.

Miongoni mwa waliochukuliwa alikuwemo Mbaruku Tindwa, mpima pamba wa kiwanda hicho hicho. Yeye ndiye aliyesema hadharani kwamba mizani inadanganya, akaiacha, akaenda kukaa na wakulima. Na Mbaruku alikuwa mtani wangu.

Kwao na kwetu ni watani tangu enzi za mababu. Kwa wasiojua, mtani hukutukana ukiwa hai, na ukifa hukutukana zaidi. Siku ya maziko huvaa nguo zako na kutembea kama wewe. Hulala kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Husema mbele ya wafiwa maneno ambayo mwingine akiyasema atavunjwa meno, na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Pasipo mtani msiba haujakamilika, na matanga hayaanuliwi.

Msiba wa Mbaruku haukuwa na mtani kwa sababu haukuwa na maiti, na haukuwa na maiti kwa sababu, kiserikali, haukuwa na kifo. Kilichochukuliwa na upepo chaweza kurudishwa na upepo. Kila Januari mjane wake, Sikitu, huletewa barua ya kiwanda inayomtaka mumewe ajieleze kwa utoro kazini. Barua ya mwaka jana ilimalizia kwa methali: asiyekuwepo na lake halipo. Naona nimeandika mjane. Nijisahihishe: mke wa mtoro.

Miaka sita Sikitu alilala mkekani kama mfiwa wa jana. Hakupaka mafuta, hakuvaa nguo ya rangi, hakula nyama. Watu walimwambia ajiinue, maisha yaendelee. Akawajibu kwamba ajiinue vipi na maiti bado yumo ndani.

Jumatano moja, saa nane kasorobo, alinikuta mlangoni mwa ofisi.

"Mtani, unakwenda huko makumbusho?"

"Nakwenda kwa hiari yangu," nikamjibu. "Nisipokwenda nahamishiwa jangwani."

"Nichukue na mimi. Mfagiaji wa kule kaniambia kuna nguo za watu."

"Nguo za kale hizo, Sikitu. Za mababu."

"Nichukue hivyo hivyo." Akakohoa, akaficha kitambaa kabla sijaona kilichomo. "Kifua hiki hakinipi muda, mtani. Sitaki kufa kabla sijamzika mume wangu."

Nilimchukua. Sikuona ubaya wowote, maana mwananchi anayependa historia ni mwananchi mwema.

*

Mapokezi pana binti mwenye sare ya samawati na daftari kubwa.

"Mnaingia na kumbukumbu zozote za binafsi?" aliuliza. "Zinaachwa hapa. Mtazichukua mkitoka."

Mimi ni mtu wa kufuata taratibu. Nilitaja wimbo mmoja wa bibi yangu, na harufu ya mvua ya kwanza kwenye vumbi la uwanja wetu wa shule. Akaziandika, akanipa kibati chenye namba mia moja na kumi na nane.

"Na wewe mama?"

"Mimi sina, mwanangu," alisema Sikitu. Uso wake ulikuwa mkavu, ungeamini.

Tulipokelewa na Mhifadhi Mkuu mwenyewe, Daktari Eleuteri Kasongwa, msomi ambaye shahada yake ya udaktari inahusu umuhimu wa udaktari. Tulikuwa watumishi thelathini hivi: wa posta, wa ardhi, wa mifugo, na Bi Tecla, mpiga chapa wa ofisi ya wilaya, mwanamke asiyeweza kuona kosa akalinyamazia.

"Ndugu watumishi huru!" alianza Daktari. "Taifa lisilo na historia ni sawa na taifa lisilo na makumbusho. Sisi makumbusho tunayo. Kwa hiyo basi, na hapa nawaomba mfikiri kwa makini, historia tunayo!"

Tukapiga makofi. Akatuonyesha kiti alichokalia Kiongozi kwa dakika nne gari lake lilipopata pancha wilayani kwetu. Akatuonyesha glasi ya maji ambayo Kiongozi alikataa kuinywa siku hiyo hiyo, maji yangali mle mle, yameota ukungu wa kijani. Akatuonyesha kabati tupu la vioo, lililotengwa kwa ajili ya vitu vya kale vitakavyotengenezwa mwakani. Kisha tukaingia chumba cha mwisho, kilichoandikwa Wazee Wetu.

Humo kulikuwa na sanamu kumi na mbili za miti, ukubwa wa mtu mzima. Niliambiwa baadaye jinsi zilivyopatikana. Agizo la juu lilitaka kila wilaya iwe na wazee kumi na wawili wa kale, waliovaa. Seremala alichonga wazee kwa wiki mbili, lakini nguo za kale wilaya haikuwa nazo. Ndipo mtu mmoja mwenye akili ya kubana matumizi akakumbuka kwamba stoo ya polisi kuna marundo ya nguo zimekaa tu. Zikafuliwa, zikapigwa pasi.

Sanamu ya tano ilikuwa na kibao kilichosema: MKULIMA WA KALE. ALIISHI MIAKA MIA NNE ILIYOPITA. HAKUWA NA MALALAMIKO. Alikuwa amevaa shati la kaki la mikono mirefu.

"Samahani Daktari," alisema Bi Tecla. "Miaka mia nne iliyopita kulikuwa na vifungo vya plastiki?"

"Swali zuri sana, na aliyeuliza ataacha jina lake. Mababu zetu walikuwa na plastiki, dada yangu. Wageni walikuja wakaiiba."

"Na haya matundu matatu mgongoni?"

"Panya."

Nilimtafuta Sikitu kwa macho. Alikuwa amesimama mbele ya yule mkulima, uso kwa uso, ameshika kifungo cha tatu cha shati. Vifungo vingine vyote vilikuwa vya kahawia. Hicho kilikuwa chekundu, kimeshonwa kwa uzi mweupe.

"Niling'oa kwenye gauni langu la harusi," aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa. "Alikuwa anachelewa kazini. Akaniambia shona chochote, nani atatazama."

Kisha akakaa chini sakafuni, akanyoosha miguu, kama wanawake wakaavyo msibani.

"Mtani," akasema. "Maiti huyu hapa. Fanya kazi yako."

Niliogopa. Sitaki kujisifu kwa kingine. Niliwaza jangwa na mabaya kuliko jangwa. Nikaanza kumwambia kwamba tuondoke, tukazungumze nyumbani. Yeye hakuniangalia. Alikuwa anasubiri tu, kama alivyosubiri miaka sita.

Nikamwendea Mhifadhi Mkuu nikamweleza, kwa adabu, kwamba wananchi wangependa kuona utani wa maziko, mila ya kale, ukimwelekea mkulima wa kale.

Daktari alifurahi sana. Katika malengo yake ya mwaka kulikuwa na kipengele cha mila na desturi, na mpaka siku hiyo alikuwa hajakifanyia lolote.

"Dakika tano," alisema. "Na marehemu abaki kuwa wa miaka mia nne."

"Ndiyo, mheshimiwa."

Nikashusha bega la kushoto kama Mbaruku, ambaye bega lake liliinamishwa na kuinua magunia ya pamba. Nikatembea mwendo wake mbele ya sanamu, nikiburuza kisigino, na nikasikia nyuma yangu mtu wa posta akicheka puani. Wote walikuwa wameujua mwendo ule.

"Wewe mlafi!" nikamfokea mkulima wa kale. "Ulikuwa unakula ugali wa watu wanne, halafu unalalamika mboga haitoshi! Umekufa, sasa tutashiba! Mwanamume gani wewe? Ulioa mwanamke mzuri ukamzoesha kukoroma kwako, leo kimya kinamnyima usingizi!"

Wakacheka. Sikitu alifunika mdomo kwa mkono.

"Na kazi yenyewe hukuijua! Mpima pamba gani anaona mizani inadanganya, akasema? Wenzio waliiona miaka kumi wakanyamaza wakanenepa, tumbo hili hapa! Wewe mdomo wako ulikuwa umeazimwa na nani?"

Wakacheka zaidi, hata Daktari, aliyekuwa akiandika kwenye kijitabu: mizani, miaka mia nne, mila. Ule mdomo wa mtani ukikolea hauna breki. Nilizunguka nyuma ya sanamu nikayaona yale matundu matatu kwa karibu, na kingo zake zilizoungua, na maneno yakatoka yenyewe.

"Tena mwoga! Mwanamume mzima, hata risasi umezipa mgongo!"

Neno hilo lilikuwa halijatamkwa wilayani kwetu kwa miaka sita. Nilidhani dari ingeanguka. Bi Tecla ndiye aliyecheka kwanza, kwa sababu mtani akitukana sharti ucheke, na kicheko chake kilipanda, kikapanda, kikageuka kilio. Ndipo watu wakaanza kuzitazama zile sanamu nyingine. Mtu wa posta alisimama mbele ya Mwindaji wa Kale, akashika ukosi wa fulana, akaukunjua, akasoma jina la kaka yake lililoandikwa kwa wino ili isiibwe kambani. Hakulia. Alimvua mwindaji ile fulana, taratibu, kama anamvua mgonjwa.

Daktari Kasongwa alitazama saa ya ukutani. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na tatu za uhuru. Akaamuru milango ifungwe.

*

Ijumaa alifika Afisa wa Sababu kutoka makao makuu. Wizara ya Sababu ni wizara muhimu sana kwetu, maana mambo hutokea kwanza na sababu hutafutwa baadaye. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto. Tulikutana naye ofisini kwa Mhifadhi Mkuu, mimi na Sikitu, akatuagizia chai. Shati la kaki lilikuwa mezani, limekunjwa vizuri.

"Serikali haina kiburi," alisema. "Imesikia kwamba huenda kulikuwa na risasi, na imekubali. Kwa hiyo marehemu tunaye. Hongera, mama."

Sikitu alimtazama bila kuamini.

"Lakini risasi si upepo," aliendelea, akikoroga chai. "Risasi ina mwenyewe. Kwa hiyo faili likauliza swali la kawaida tu: ni nani aliyejua habari za risasi kabla ya wananchi wote? Mashahidi thelathini wamejibu. Ni karani huyu."

Nilicheka. Nilidhani na yeye ni mtani.

"Huyu?" alisema Sikitu. "Bwana mkubwa, huyu hata kuku hachinji. Humwita jirani."

"Mama yangu, sikiliza. Ama tuna muuaji na marehemu, ama hatuna muuaji wala marehemu. Ukitia sahihi kwamba ni huyu, unapewa shati, unapewa kibali cha kuzika, na barua za utoro zinakoma leo. Usipotia, basi mkulima ni wa miaka mia nne, na mumeo atajieleza Januari. Chagua mwenyewe. Hapa pana uhuru."

Sikitu alinyoosha kidole, akakigusa kile kifungo chekundu. Alikohoa kwa muda mrefu. Tulisubiri amalize, Afisa akimsogezea maji kwa upole.

"Basi sina marehemu," alisema, akasimama.

Nitasema kweli, kwa kuwa sasa hainigharimu kitu. Nilifurahi. Moyo wangu uliruka: nitakwenda nyumbani, nitakula, kesho nitapanda kilimani. Kisha nikamwona akijifunga vizuri kanga yake nyeusi, akielekea mlangoni, anarudi kwenye mkeka wake, na nikajua atafia hapo hapo. Nikaona aibu ambayo sijapata kuiona maishani, na aibu ile ilikuwa kubwa kuliko woga.

"Nilimwua mimi," nikasema.

"Mtani, unasema nini?"

"Nguo zako zilikuwa kambani siku ile, Sikitu. Nilipita kwako nikaziona. Hazikutikisika hata kidogo. Halafu nikaenda ofisini nikaandika upepo."

"Najua," alisema. "Nilikuona ukipita."

"Ulijua miaka yote hii?"

"Nilijua."

"Na bado unaniita mtani?"

"Sasa nikuite nani?"

Afisa wa Sababu alikuwa amekwisha kufungua kalamu. "Uliua kwa silaha gani?"

"Kalamu."

Alipitisha kidole kwenye fomu. "Kalamu haimo. Kuna bunduki, panga, sumu na rungu."

"Andika bunduki."

Akaandika. Kisha akafikiri kidogo, akaniuliza kama mtu anayeomba msaada wa kusukuma gari. "Na hawa arobaini wengine? Maana kila mmoja nikimfungulia jalada lake, tutakesha miaka. Wewe ungewachukua wote, familia zao nazo zingezika."

Nikawaza mtu wa posta na ile fulana mkononi. "Nawachukua wote," nikasema.

"Wananchi wa namna yako ni wachache," alisema Afisa, na nadhani alimaanisha. Jumatatu gazeti la Serikali lilitangaza kwamba karani mmoja wa hali ya hewa alikuwa ameua watu arobaini na mmoja kwa bunduki moja katika dakika tatu, na kwamba vyombo vya usalama vilimkamata mapema, baada ya miaka sita tu.

Sikitu alikataa kutia sahihi. Afisa akasema hakuna neno, kwa kuwa muuaji amekiri, mfiwa anaweza kuridhia kwa kukaa kimya. Akampa shati. Alilipokea kwa mikono miwili.

*

Walimzika Alhamisi, mchana kweupe. Shati lilivikwa sanda kama mtu, na kaburi lilichimbwa urefu wa mtu, maana wachimbaji walimjua Mbaruku na walikataa kulipunguza. Nililetwa nimefungwa pingu, kwa sababu ratiba ya maziko ilisema, kipengele cha nne: Kuonyeshwa kwa Muuaji. Kipengele cha tano kilisema: Wananchi Wataonyesha Hasira.

Wilaya nzima ilikuwa pale. Askari wakanisimamisha juu ya lile tuta la udongo. Afisa wa Sababu akainua mkono.

"Wananchi, sasa!"

Hakuna aliyetikisika.

"Huyu ndiye aliyewaulia ndugu zenu! Kasirikeni!"

Bi Tecla alimtazama kama anavyotazama kosa la chapa. "Bwana Afisa," akasema, "huyu ni mtani wa marehemu. Hapa msibani hakasirikiwi."

Afisa alipekua waraka wake ukurasa hadi ukurasa, asipate maelekezo. Ndipo wanawake wakampisha Sikitu. Nywele zake zilikuwa zimenyolewa. Uso wake ulikuwa umepakwa mafuta ukang'aa, na alikuwa amevaa kanga ya manjano ambayo hakuna aliyejua kama anayo. Alikuwa amekonda vibaya. Matanga ya Mbaruku yalikuwa yameanuliwa asubuhi ile, na mkeka umechomwa. Alipanda juu ya tuta bila kumwomba ruhusa yeyote, akanikaribia mpaka nikasikia pumzi yake ikikwaruza kifuani.

"Wanakunyonga lini?"

"Hawajaniambia."

"Nitakuja," alisema. "Nikiwa sijatangulia, nitakuja. Utani ni wa pande mbili. Wasidhani watakufukia kimya kimya kama mbwa. Nitavaa suruali yako na hiyo kofia yako mbaya, na nitakutukana mpaka mnyongaji aone haya."

"Utasema nini?"

"Inakuhusu nini? Utakuwa umekufa."

Nikacheka, na yeye akacheka, akashika mbavu, akakohoa, akacheka tena. Wanawake nyuma wakaitikia, kisha wanaume, mpaka msiba mzima ukawa unacheka na machozi yanatudondoka. Afisa wa Sababu alitafuta kwenye fomu mahali pa kuandika jambo hilo, hakupaona, akaandika kwamba wananchi wameonyesha hasira kama ilivyopangwa.